Nomino Tunazo, Sentensi Ziko Wapi? Gari la Stima na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ninayetaka kumzungumzia katika makala haya alibisha hodi nyumbani kwa shangazi yangu mjini Ruiru katikati ya mwaka 2023. Ni gari la umeme: gari kubwa la familia, la kimo cha juu na magurudumu mapana, la umbo lile ambalo wengi wetu tukiliona kwa mbali husema ni Prado. Shangazi, ambaye ni muuzaji wa nafaka kwa jumla, alilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba baada ya kuchoshwa na bei ya petroli. Nami, kwa kuwa ninaishi kwake ninapoandika tasnifu yangu ya uzamili, nikajikuta dereva, mtunzaji na mfasiri wa gari hilo.

Nasema mfasiri kwa makusudi. Kitabu cha mwongozo kilichokuja na gari kina kurasa zaidi ya mia mbili za Kiingereza. Kioo kikubwa kilicho mbele ya dereva kinamwezesha kuchagua lugha anayoitaka kutoka katika orodha ndefu. Nimeisoma orodha hiyo juu hadi chini, chini hadi juu, na Kiswahili hakimo. Shangazi alisoma hadi darasa la saba. Kiingereza chake ni cha sokoni, lakini Kiswahili chake ni cha kuhukumia kesi. Gari ni lake, deni ni lake, na maelezo ya gari ni ya mtu mwingine.

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana hoja gani katika mambo ya betri na magurudumu. Naomba subira. Nathubutu kusema kuwa gari hili limenifunza jambo kuhusu taaluma yetu ambalo sikulipata katika semina yoyote: kwamba sisi wasomi wa Kiswahili tumekuwa wepesi wa kuunda nomino na wazito wa kuandika sentensi; na kwamba uzito huo, siku moja, unaweza kumuua mtu.

Maisha na gari lisilonguruma

Kabla ya kuijenga hoja, sharti nieleze maisha yenyewe yalivyo, kwa sababu wengi husifu au hulaani magari haya bila ya kuyaishi.

Jambo la kwanza ni ukimya. Gari letu halingurumi. Watoto wa mtaani walilipa jina la Paka kabla ya wiki ya kwanza kwisha, nalo jina hilo limeganda. Ukimya huo ni raha kwa aliye ndani na hatari kwa aliye nje. Mtembea kwa miguu wa Ruiru amezoea kuvuka barabara kwa masikio kuliko kwa macho. Nimelazimika kujifunza kuendesha kana kwamba kila mtu mbele yangu ni kiziwi. Majirani nao walikuja na maswali yao, na swali lililoongoza lilikuwa moja: likinyeshewa, halitapiga watu shoti? Halipigi. Betri yake imefungwa ndani ya sanduku la chuma lisiloingiza maji, ingawa kulipitisha katika mafuriko ni ujinga, kama ilivyo ujinga kwa gari lolote.

Jambo la pili ni chaji. Betri yetu hubeba takribani yuniti 60 za umeme, yaani yuniti zilezile tunazonunua kwa tokeni. Soketi ya kawaida ya nyumbani haitoi hata kilowati tatu, kwa hivyo kulijaza gari kutoka mwanzo huchukua zaidi ya saa ishirini. Usiku wa kwanza tulitumia waya wa kuongezea urefu, ule tunaotumia kwa pasi na redio. Kabla ya saa sita plagi ilikuwa imepata moto hata ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kitabu cha mwongozo kilikuwa kimekataza jambo hilo waziwazi. Aliyeuchomeka waya huo alikuwa shangazi, ambaye kitabu hakikuandikiwa yeye. Ilibidi aitwe fundi wa stima, akavuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita na kufunga ukutani kifaa cha kilowati saba. Sasa gari hujaa kwa muda wa kama saa tisa, tukiwa tumelala.

Tukiwa safarini, mambo hubadilika. Vituo vya kuchajia vipo, ila havijawa vingi, na si kila mdomo wa waya hulingana na kila gari. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani, la China na la Ulaya yana matundu ya maumbo tofauti. Tumewahi kufika kituoni tukiwa na asilimia kumi na mbili, tukakuta mdomo uliopo si wetu, tukaondoka kwa mwendo wa kobe kutafuta mwingine. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia gizani, gari lilikuwa na asilimia kumi na nne, na asubuhi yake shangazi alitarajiwa mazishini Murang'a. Alikwenda kwa matatu. Njia nzima, kama alivyonisimulia, abiria walizungumzia stima iliyopotea, naye akanyamaza asije akachekwa.

Jambo la tatu ni matunzo, na hapa mgeni amemponya mwenyeji kweli. Hakuna kubadilisha oili ya injini, kwa kuwa injini haipo. Hakuna plagi za kuwashia, hakuna ekzosi, hakuna klachi. Breki hukaa muda mrefu bila ya kuisha, hata zikakaribia kushika kutu kwa kutotumika. Kinachoisha haraka ni tairi, maana betri ni nzito na mota huvuta kwa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kwa safari za kila siku hatuijazi betri hadi ukomo wala kuiacha ikauke. Hilo huzipa betri nyingi za lithiamu maisha marefu. Basi orodha ya matunzo ni fupi. Tatizo ni kwamba kila kilichomo katika orodha hiyo fupi ni kigeni kwa fundi wa mtaa.

Aidha, yapo mambo ambayo gari hili hufanya na ambayo hayakuwa na mfano katika magari ya zamani. Safari yetu ya kwanza ya Nakuru, tulipopita Limuru na kuanza kuteremka kuelekea Naivasha, namba ya asilimia iliyokuwa ikipungua ilisimama, kisha ikaanza kupanda. Shangazi aliitazama kwa muda, akasema, "Kumbe gari hili linarudisha chenji!" Mwongozo hulieleza jambo hilo kwa aya tatu: mguu unapoondolewa kwenye kikanyagio, magurudumu huizungusha mota, mota ikageuka jenereta, nayo ikasukuma umeme kurudi kwenye betri huku ikilipunguzia gari mwendo. Shangazi alilimaliza kwa neno moja. Na tulipokuwa tukirudi, tukiupanda mlima uleule, asilimia zikiporomoka, alicheka akasema chenji yote tumeilipa, na riba juu.

Siku gari lilipolala

Mnamo Machi 2024, asubuhi moja, Paka hakuamka. Milango haikuitikia kitufe, kioo kilikuwa cheusi, taa hazikuwaka. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeliacha na asilimia sabini. Tuliipigia simu kampuni iliyotuuzia, tukajibiwa kwa Kiingereza kuwa mtaalamu angefika baada ya siku tatu. Shangazi alikuwa na mzigo wa maharagwe wa kufuatilia. Akamwita fundi wake, mzee mmoja mwenye gereji ya jua kali karibu na stendi, ambaye ameyatunza magari yake ya mizigo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Fundi alifika na mwanagenzi wake, akasalimia, akakifungua kifuniko cha mbele kwa ufunguo wa dharura. Alisimama kimya akitazama. Kisha akauliza, "Mama, injini imeenda wapi?" Tulicheka sote. Alipomaliza kucheka aliinama, akaziona kebo nene za rangi ya chungwa, akazifuata kwa macho hadi zinapoingia kwenye sanduku moja la chuma. Akachukua spana yake, akaielekeza kwenye kifuniko cha sanduku hilo.

Nilipiga kelele: "Usiguse!"

Mkono ukasimama. Akageuka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa nini, mwalimu?" Huniita mwalimu kwa sababu aliambiwa nasomea Kiswahili.

Msomaji, wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewasilisha makala ya semina kuhusu sitiari katika ushairi wa Kiswahili. Nilisifiwa. Sasa mtu ameniuliza swali la maneno mawili, kwa lugha ninayoifanyia shahada ya pili, na jibu la swali hilo ndilo lililo kati ya mkono wake na kifo. Nami sikuwa na sentensi. Yalinitoka maneno mawili ya Kiingereza yaliyoandikwa juu ya sanduku lenyewe. Fundi akatikisa kichwa. "Hayo nimeyasoma," alisema. "Mimi nauliza kwa nini, na gari limekufa?"

Nimelitafakari swali hilo tangu siku ile. Fundi hakuwa mjinga. Alikuwa akifikiri kwa mantiki ya lugha aliyopewa. Katika magari aliyoyajua, gari likisemwa limekufa, basi limekufa lote: betri imekwisha, nyaya ni baridi, unaweza kushika popote. Sitiari ya kifo ilikuwa imemwambia kuwa kuna usalama. Ilimdanganya.

Nilimpigia simu rafiki yangu anayesomea uhandisi. Alieleza kwa Kiingereza, nami nikafasiri kwa kigugumizi. Gari hili lina betri mbili. Iko kubwa iliyolazwa chini ya sakafu, yenye takribani volti 400 za mkondo usiogeuka, ambao ni mkali kuliko stima ya nyumbani ya volti 240 na haumsamehe mtu. Na iko ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, ambayo huwasha taa, kioo, kufuli, na swichi kubwa zinazoiunganisha betri ile kubwa na mota. Ndogo ikiisha, swichi hizo hazifungi, gari zima likaonekana limekufa, hali ile kubwa imejaa. Kwa kawaida swichi zikiwa wazi kebo za chungwa huwa hazina umeme, lakini kukiwa na hitilafu zinaweza kuwa nao, na hata mambo yakiwa sawa, umeme uliohifadhiwa katika vifaa vya ndani huchukua dakika kadhaa kwisha. Kwa hivyo asiyefunzwa na asiye na vifaa vya kujikinga hagusi chochote chenye rangi hiyo, liwe gari liko hai au halina uhai.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimeyanakili katika daftari langu la tasnifu: "Sasa umesema. Kuna betri mama na betri mtoto. Mtoto amelala, kwa hivyo hakuna wa kumwamsha mama. Lakini mama kulala si mama kufa."

Akairudisha spana mfukoni. Akaleta nyaya zake, akaiunga betri mtoto na betri ya pikapu yake, tukangoja. Baada ya dakika chache kioo kikawaka. Mama ameamka.

Tatizo si msamiati

Tangu miongo mingi iliyopita tumekuwa tukiimba wimbo mmoja: Kiswahili hakina istilahi za sayansi na teknolojia. Wanaotudharau huuimba kwa kebehi, nasi huujibu kwa kuunda istilahi zaidi. Sisemi kazi hiyo ni bure. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limeifanya tangu mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Waliotangulia walitutendea haki.

Lakini hebu turudi kwenye kifuniko kile cha chuma. Ni istilahi gani niliyoikosa? Betri tunayo. Volti tunayo. Mkondo, kebo, swichi, mota, chaji: yote tunayo, na fundi aliyajua yote kabla sijazaliwa. Nilichokosa ni aya. Nilikosa sentensi tano zilizopangwa kwa utaratibu, zenye sababu na matokeo, zenye "kwa hivyo" na "ingawa", ambazo mtu amewahi kuzifikiri na kuziandika kwa Kiswahili ili mwingine azikute tayari. Orodha ya maneno haijawahi kumwambia mtu kwa nini. Kwa nini hukaa katika sentensi.

Isitoshe, maneno yenyewe yana tabia ya kujitafutia njia pasipo na kamati. Watu wa pwani walipolipokea gari walilipa usukani, neno lililotoka kwenye chombo cha baharini; ndege ilipokuja wakampa rubani kazi ya pili, hewani. Garimoshi bado ni garimoshi hata baada ya moshi wa makaa kwisha. Na sisi Wakenya tunaouita umeme stima tumelichukua jina hilo kutoka kwa meli ya mvuke. Nani angeliunda neno hilo katika ukumbi wa mkutano? Hata hivyo linaishi, tena kwa ucheshi wa aina yake, maana sehemu kubwa kuliko zote ya umeme wa Kenya leo hutokana na mvuke unaofukuzwa ardhini huko Olkaria. Paka wetu hutembea kwa mvuke, na jina lilitangulia kuujua ukweli huo.

Shangazi aliunda "kurudisha chenji" akiwa amefunga mkanda. Fundi aliunda "betri mama na betri mtoto" akiwa ameshika spana. Hakuna aliyewaomba. Kinachowashinda si uundaji wa majina. Ni kwamba hakuna aliyewaandikia maelezo, na hakuna aliyeyaandika yao. Hapo ndipo msomi wa Kiswahili, na hasa msomi wa fasihi, anapodaiwa. Ni nani aliyefunzwa kujua kwamba sitiari moja huongoza na nyingine hupotosha? Ni nani anayeweza kuonyesha kwamba "gari limekufa" ni sitiari ya hatari na "mama amelala" ni sitiari ya usalama? Mhandisi hajafunzwa hilo. Sisi tumefunzwa, kisha tukajifungia na diwani.

Majibu kwa wanaopinga

Nimeitoa hoja hii mbele ya wenzangu na kupata pingamizi tatu, ambazo ni haki nizijibu.

Kwanza, kuna wanaosema mafundi wetu wanasoma Kiingereza. Baadhi yao ndiyo, na fundi wetu aliyasoma maneno ya onyo bila ya taabu. Alilisoma onyo na bado akauliza sababu, kwa kuwa kusoma tangazo la maneno mawili si sawa na kufuata maelezo ya kurasa mia mbili. Tena mtu hufikiri katika lugha anayoifanyia kazi. Nendeni Kirinyaga Road jijini Nairobi mkasikilize vipuri vinavyoulizwa bei: majina mengi yametoka Kiingereza, lakini ubishi, ushauri, utambuzi wa ugonjwa wa gari, vyote ni vya Kiswahili na vya lugha za nyumbani.

Pili, wanasema hili ni gari la tajiri, na si heshima kwa jarida la wanafunzi kulipigia debe. La hasha, silipigii debe. Mtu mmoja ndiye hulimiliki gari, lakini hulishika wengi: anayeliosha, anayelitia upepo, anayelivuta likikwama, anayelikata bati likigongwa ili kumtoa dereva. Hao si matajiri. Zaidi ya hayo, mabasi ya umeme na pikipiki za umeme tayari yanabeba abiria Nairobi, na wanaoyaendesha ni vijana wa rika letu. Sheria yetu huruhusu kuingizwa nchini magari yasiyozidi umri wa miaka minane; kwa hivyo gari la umeme linalouzwa jipya ng'ambo mwaka huu linaweza kuwa mtumba wa Mombasa kabla mtoto anayezaliwa leo hajafika darasa la tatu. Litakuja bila ya kampuni ya kulitunza, nalo litaishia jua kali.

Tatu, na hii ndiyo pingamizi iliyonitatiza, wanasema kazi hii ni ya wafanyabiashara na ya serikali. Ni kweli kwamba sheria iko upande wa mnunuzi. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Ziweke ibara hizo mbili kando kwa kando, na utaona kuwa mwongozo wa Kiswahili haufai kuwa hisani ya muuzaji. Lakini tuseme kesho muuzaji akubali. Atamwendea nani amwandikie? Akija katika idara zetu, atakuta tahakiki mia za riwaya na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuandika ukurasa wa namna ya kubadilisha tairi. Tutamdai atupe tusichoweza kukitengeneza?

La kufanya

Nisingependa kuwa miongoni mwa wanaolalamika na kwenda zao. Baada ya mkasa wa Machi, mimi na yule rafiki wa uhandisi tuliketi tukaandika karatasi ya ukurasa mmoja kuhusu usalama wa gari la umeme. Tulijivunia. Sentensi ya kwanza ilisema: "Kabla ya kutekeleza shughuli yoyote ya ukarabati, tenganisha chanzo cha nishati." Tukaipeleka gerejini. Fundi aliisoma polepole, akaomba kalamu. Akaikata sentensi yetu nzima, akaandika chini yake: "Zima gari. Weka ufunguo mbali. Usiguse kebo ya chungwa. Mama halali kwa haraka."

Ilituchukua siku tatu kuimeza aibu hiyo, na miezi miwili kuiandika upya karatasi tukiwa naye. Alitufundisha kwamba maelezo ya kazi huanza na kitenzi cha kuamuru. Kwamba kila tendo hupewa mstari wake. Kwamba sababu ifuate amri papo hapo, kwa kuwa fundi asiyeambiwa sababu atajaribu mwenyewe. Nasi tulikuwa na la kumfundisha. Tulimwonyesha kuwa mstari wake wa mwisho ni mzuri kwa anayeijua hadithi ya mama na mtoto, ila asiyeijua atadhani ni fumbo. Akakubali, na sasa hadithi hiyo ndiyo inayotangulia. Karatasi imebandikwa ukutani kwake karibu na kalenda, imeshapakwa oili ya magari ya wenzake.

Kutokana na tajriba hiyo, nina mapendekezo matatu. Mosi, kila tawi la chama chetu lichague mahali pamoja pa kazi: gereji, karakana, kituo cha pikipiki za umeme, zahanati. Wanachama waende huko na daftari, waandike namna watu wanavyoeleza mambo, na si majina ya vitu peke yake. Pili, idara za Kiswahili ziruhusu mwongozo wa matumizi, uliotungwa au kufasiriwa pamoja na wataalamu wa fani husika na kujaribiwa na watumiaji, uwe kazi halali ya kutahiniwa, sawa na tahakiki ya tamthilia. Tatu, jarida hili litenge kurasa mbili katika kila toleo kwa nathari ya kazi, na zihaririwe kwa ukali uleule tunaowatolea washairi.

Hitimisho

Sijaacha kupenda ushairi, na tasnifu yangu bado ni ya ushairi. Wala sijaamua iwapo shangazi alifanya vyema kulinunua gari hili. Siku nyingine hulisifu mbele ya wateja wake, siku nyingine hukaa akiitazama mita ya stima na kunyamaza. Lakini ninajua kwamba kila jambo jipya linaloingia nchini mwetu lina kebo yake ya rangi ya chungwa, iwe ni dawa ya hospitalini, mashine ya shambani au programu ya mkopo katika simu. Kando ya kebo hiyo atasimama mtu mwenye akili timamu, spana mkononi, akiuliza kwa nini.

Mwaka jana nilipokwenda kumtembelea fundi nilimkuta akimweleza mwanagenzi mwingine habari za mama na mtoto, mbele ya gari ambalo si letu. Alipofika mahali pa volti alikwama, akaniona, akasema, "Mwalimu, hapa hatujaandika." Alikuwa anasema kweli. Ndugu wanachama, hapo hatujaandika. Naomba kutoa hoja.